Datsun 240Z imeliwa na kutu: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba ameniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972. Imekaa miaka mingi Tukuyu chini ya mparachichi, kwenye banda lisilo na kuta. Sakafu upande wa dereva imetoboka, ila milango bado inafunga vizuri. Fundi mmoja wa Mwanjelwa anataka kupiga mchanga bodi nzima (kuondoa rangi na kutu kwa mchanga unaorushwa kwa hewa ya kompresa), kuziba matundu kwa faiba na bodi fila, kisha rangi. Mwingine anasema tuwashe injini kwanza. Nianzie wapi? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa kutoiuza chuma chakavu. Datsun 240Z ilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 na tena 1973, mara hiyo ya pili ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Gari la namna hiyo linastahili kutengenezwa kwa subira.

Anzia kwenye bati. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover za zamani. Bodi yenyewe ndiyo chesisi: uzito wote unabebwa na sakafu, vizingiti vya chini ya milango na boriti zilizochomelewa chini ya sakafu. Ukiziba tundu la sakafu kwa faiba, kutu inaendelea kula chini yake na nguvu iliyopotea hairudi. Milango kufunga vizuri ndiyo habari njema kuliko zote ulizonipa, maana yake bodi bado haijalegea. Kazi yako ya kwanza ni kuilinda hali hiyo.

Ng'oa viti, mazulia na lami ya sakafuni, kisha chukua bisibisi butu na upite ukigonga kwa mpini. Bati zima linalia kwa sauti kali. Lililooza linatoa sauti nzito, na ncha ya bisibisi inazama. Gonga chini ya sinia la betri, kwa sababu asidi ikimwagika hapo hushukia boriti ya mbele. Gonga mwisho wa vizingiti, mbele ya magurudumu ya nyuma, na sakafu ya buti. Halafu fungua mbavu za mbele (bati za pembeni zinazofunika magurudumu ya mbele) uangalie njia ya maji yanayoshuka kutoka chini ya kioo. Kwa gari lililokaa chini ya mparachichi kwenye mvua za Rungwe, natarajia utakuta majani yameoza humo yakawa udongo. Udongo huo unashika unyevu mwaka mzima na kizingiti kinaoza kutoka ndani, huku nje rangi bado inang'aa.

Kabla grinda haijagusa kitu, pima nafasi za milango pande zote na uandike. Chomelea bomba la chuma ndani ya kila uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, gari likiwa limekaa sawa kwenye stendi. Kata upande mmoja tu, umalize, upime tena, ndipo uhamie wa pili. Anayekata sakafu na vizingiti vyote kwa mpigo atakuta milango haifungi tena, na kuirudisha bodi kwenye mstari ni gharama kubwa kuliko sakafu yenyewe.

Kuchomelea kufanywe kwa mashine ya MIG (inayotoa waya yenyewe badala ya kijiti) yenye waya wa milimita 0.6. Vijiti vya kawaida vya kuchomelea mageti vitatoboa bati hili, ambalo halifiki milimita 1. Piga nukta moja hapa, nyingine mbali, uache bati lipoe, mpaka nukta zikutane. Kupiga mchanga nakukataza kwa boneti, paa na milango: bati jembamba hupinda, na likishapinda kulinyoosha ni taabu. Huko tumia dawa ya kutoa rangi na brashi ya waya. Mchanga uende kwenye mikono ya saspensheni na vyuma vinene.

Bati likishakuwa tupu, lipigwe praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kulinda bati) siku hiyohiyo. Bodi fila inakuja juu ya praima, nyembamba, kwa kusawazisha tu. Kiangazi ndicho msimu wa kazi hii huku kwetu, lakini Juni na Julai baridi ya Mbeya na Mafinga huizuia epoksi isikauke sawasawa. Paka jua likiwa limepanda, na karakana iwe na joto hadi usiku. Baada ya rangi ya mwisho, nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti na boriti, na uhakikishe matundu ya kutolea maji yako wazi.

Injini isiwashwe kwanza. Toa plagi, mimina mafuta mepesi kwenye silinda zote sita, acha siku kadhaa, kisha zungusha kwa spana, usitumie stata. Tangi la petroli lishushwe, na asije mtu kulichomelea hata kama linaonekana kavu, kwani mvuke uliobaki unalipuka. Bawaba na vyuma vidogo vyenye kutu unaweza kuvisafisha nyumbani: maji yenye magadi kwenye ndoo ya plastiki, chaja ya betri, hasi kwenye kifaa chako na chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida, kamwe si cha pua. Fanyia nje, mbali na moto, kwa sababu hewa ya haidrojeni inatoka.

Ukimaliza kugonga, zungushia chaki kila palipozama bisibisi, piga picha, uje nazo karakana pamoja na vipimo vya milango kabla hujakata.