Kelele za ndege ya sarakasi: anza na propela

Mkuu, umeuliza kama sailensa kubwa itaipitisha ndege yako ya modeli (ndogo ya kuongozwa kwa redio) ya mtindo wa miaka ya 1970, injini ya sisi 10 (sentimita za ujazo 10), kwenye kipimo cha kelele. Haitoshi, propela ndiyo inayopiga yowe. Ya inchi 11 ikizunguka mara 15,000 kwa dakika, ncha zake hukimbia karibu mita 220 kwa sekunde! Funga ya inchi 13, mizunguko ishuke hadi 11,000 kwa dakika: ncha zinabaki 190 hivi. Upimaji uliozoeleka wa F3A, daraja la mashindano ya sarakasi za ndege za modeli, ni mita 3 kutoka kwenye ndege, desibeli 94 juu ya zege, 92 juu ya nyasi. Hapa Mbeya hewa nyepesi, kwa hiyo kaza kidogo kwanza sindano ya mafuta (skrubu ya kurekebisha mafuta yanayoingia kwenye injini), yapungue. Na tafadhali, Jumapili asubuhi ibadani watu wanasali, usirushe.