Nyanya za Sokoni, Unga wa Supamaketi

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Mbezi Beach, Dar es Salaam. Yeye anashikilia kwamba vyakula vya supamaketi ndivyo bora, kwa kuwa vimepimwa na kufungwa vizuri. Mimi naona tunalipia kiyoyozi tu, kwani nyanya hizo hizo zinapatikana soko la Mabibo kwa bei ya chini zaidi. Naomba mtuamue.

JIBU: Kwa mboga na matunda, ndugu msomaji, tunakuunga mkono. Nyanya za Ilula, vitunguu vya Mang'ola na viazi vya Njombe huingia mjini kwa malori na kushushwa Mabibo na Ilala, na baadhi ya wanaouzia maduka makubwa huchukua huko huko. Mazao yasiyosindikwa hayatozwi kodi ya ongezeko la thamani (VAT), kwa hiyo tofauti ya bei haitokani na kodi hiyo. Inatokana na pango, umeme, jenereta na mboga zinazotupwa zikinyauka, gharama ambazo mwishowe humwangukia mnunuzi.

Hata hivyo, usilinganishe fungu na kilo kwa macho. Nyanya imara hupangwa juu na zilizobonyea hujificha chini, kwa hiyo ukifika nyumbani chambua, kisha upime zinazofaa kupikwa. Tuseme fungu la shilingi 2,000 lilikuwa kilo moja, na robo yake imeoza: umenunua nyanya kwa takriban shilingi 2,670 kwa kilo, na bado hujahesabu nauli ya bajaji. Ikiwa unahitaji nyanya za siku mbili tu, genge la jirani litakufaa kuliko Mabibo na supamaketi kwa pamoja.

Mume wako naye ana hoja katika maziwa na nyama, maana joto la Dar es Salaam halina huruma, na jokofu linalofanya kazi usiku na mchana lina thamani yake. Samaki tunawatoa katika hesabu hiyo: anayewahi soko la samaki la Feri asubuhi, akachagua mwenye mashavu mekundu na macho maangavu, hana sababu ya kumlipia aliyegandishwa.

Jambo tunalolitilia mkazo zaidi ni unga wa mahindi na karanga. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Hapa tungelipa zaidi bila kunung'unika kwa pakiti yenye alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na tarehe ya kutengenezwa, iwe imetoka supamaketi au duka la Mangi pale mtaani. Ukipenda kusagisha mwenyewe, nunua mahindi makavu kabisa, uyamwage kwenye ungo na kuondoa kila punje iliyovunjika, iliyotobolewa au yenye ukungu kabla ya kuyapeleka mashineni.