Saa ya kompyuta inarudi nyuma? Tulia kwanza kabla hujanunua betri

Nina kasteshenari kadogo hapa Uyole, pale njia inapokata kwenda Tukuyu, kuchapa, kutoa kopi, mambo ya fomu za mtandaoni, na pembeni nagusagusa ufundi wa kompyuta. Mwezi wa saba mwaka juzi, ile baridi ya kukata masikio, mwalimu mmoja akanirudishia barua niliyomchapia asubuhi hiyo hiyo. "Fundi, mbona umeniandikia tarehe ya jana?" Tarehe huwa siandiki mimi, inajiweka yenyewe. Nikaangalia kwenye kona ya skrini, saa inasema 8:10, na ni kweli ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi, nikajua ni tarehe tu imechezewa, nikairekebisha nikaendelea na kazi.

Kumbe nilikuwa nadanganywa mchana kweupe. Mi nafunga saa moja na nusu usiku, nachomoa kila kitu kwenye soketi, nafungua saa moja na nusu asubuhi. Saa ilikuwa inasimama pale pale nilipozima, inaamka na mimi, kwa hiyo inakuwa nyuma masaa kumi na mawili kamili, na kwenye skrini 7:30 ya usiku na 7:30 ya asubuhi zinafanana, tofauti ni zile herufi mbili za pembeni ambazo nani anazisoma? Siku ya pili ikiwa nyuma masaa ishirini na manne ndo kabisa, hata hizo herufi ziko sawa.

Na kilichonichelewesha zaidi ni bando. Nikiwasha hotspoti ya simu, baada ya muda saa inajirekebisha, maana Windows inauliza muda kwenye seva za mtandaoni. Bando likiisha ugonjwa unarudi. Basi nikawa nalaumu bando, nikabadilisha mpaka laini, wiki mbili nzima nahangaika na intaneti na tatizo liko ndani ya boksi.

Dawa ya kujua ni hii na haikugharimu hata mia. Usiku mmoja nikazima kompyuta kama kawaida ila waya nikauacha kwenye soketi. Asubuhi saa iko sawa. Usiku uliofuata nikachomoa, asubuhi imesimama. Hapo huhitaji kwenda kwa mganga, ni betri ya madabodi, ile bodi kubwa iliyomo ndani ya kompyuta. Kompyuta ikiwa imezimwa lakini waya uko kwenye umeme, kuna umeme mdogo unaendelea kuingia kwenye madabodi na ndo unaoendesha saa, betri inapumzika. Ukichomoa betri ndo inabeba mzigo peke yake. Kwa hiyo sisi wa maduka tunaochomoa kila jioni tunazila hizi betri haraka kuliko mtu wa ofisini. Mimi hata hivyo bado nachomoa, radi za huku mwezi wa kwanza na wa pili mnazijua, bora ife betri kuliko pawasapalai, lile boksi linaloingiza umeme kwenye kompyuta.

Sasa betri yenyewe. Ni ile ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, namba 20 ya mbele ni upana wa milimita 20 na 32 ni unene wa milimita 3.2. Nasisitiza kwa sababu wauzaji wengine watakupa CR2025 wanakwambia "ni ile ile", volti kweli ni 3 zote ila ni nyembamba, inacheza kwenye kikombe chake, leo inashika kesho haishiki. Na usiamini kwamba mpya ni nzima. Ya kwanza niliinunua mjini kwenye duka ambalo silitaji, imefungwa vizuri inang'aa, nikaiweka, kesho yake saa imesimama tena. Nikaanza kuwaza madabodi imekufa, nikaenda kuazima mita kwa jirani anayetengeneza redio, kuipima inasoma volti 2.5. Mpya inatakiwa isome 3 au zaidi kidogo, ikishuka kwenye 2.7 hivi usihangaike nayo. Siku hizi nikienda kununua naenda na mita mfukoni, muuzaji akikunja uso naenda duka la pili.

Kabla hujaitoa ile ya zamani ingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows, upige picha kurasa zote kwa simu. Hili nililijua kwa machozi. Kuna kompyuta ya mteja nilibadilisha betri, saa ikapona, Windows ikagoma kuwaka, skrini ya bluu inazunguka tu, mwenyewe amekaa kwenye benchi ananiangalia. Betri ikitoka mipangilio ya bayosi inaweza kurudi ya kiwandani, na ile ya diski, yaani namna madabodi inavyoongea na diski, ilikuwa imebadilika kutoka inayoitwa AHCI kwenda nyingine. Nilitoka jasho na baridi ile. Ukishapiga picha, kinachobaki ni kawaida tu: chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, shika bati la kasha kwanza, sukuma kile kimlango cha chuma kwa bisibisi ndogo betri inaruka yenyewe, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Ya zamani usiiache mezani kama una watoto, mtoto akiimeza inaunguza koo ndani ya masaa mawili, hiyo ni hospitali mbio. Laptopu nyingi betri yake ina kawaya na plagi ndogo, na nyingine hazina kabisa, kwa hiyo angalia modeli yako kabla hujaanza kufungua fungua.

Nimeongea betri sana lakini ukweli ni kwamba nusu ya wanaokuja kwangu na "saa inarudi nyuma" hawana tatizo la betri. Swali langu la kwanza sasa hivi ni moja, imerudi nyuma kiasi gani? Mwanafunzi wa chuo aliniletea laptopu, nikaifungua skrubu kumi na moja, nikapima betri nzima, nikaifunga, kisha ndo nikamuuliza. Akasema "masaa matatu, kila mara matatu". Nikataka kujipiga kofi. Alikuwa ameweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, pamoja na Windows. Linux inaandika kwenye saa ya madabodi muda wa dunia, UTC, halafu inajumlisha yenyewe masaa yetu matatu ya Afrika Mashariki, Windows inaisoma saa ile ile ikidhani ni muda wa hapa hapa, lazima iwe nyuma masaa matatu. Ukiingia Linux ukaandika timedatectl set-local-rtc 1 zinapatana, ingawa wataalamu wanapenda zaidi Windows ndo ibadilishwe.

Matatu hayo hayo yanatokea kwa zile kompyuta za mtumba kutoka Uingereza, zimekuja na majira ya London. Hizi zina kituko, wakati wao wa baridi unakuwa nyuma masaa matatu na wakati wa joto mawili kwa kuwa wao husogeza saa mbele, mtu anakuja mwezi wa nne anasema "imepona kidogo". Kwenye Windows chagua Nairobi, usitafute Mbeya hutaiona.

Ikiwa nyuma masaa sita kamili, muulize nani aliigusa mwisho. Dogo wangu wa dukani nilimwambia arekebishe saa kwenye bayosi, ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, naye akaandika 02:15. Sikumgombeza, bibi yangu angeandika hivyo hivyo.

Kitu kingine, ikiwa imerudi mbali kabisa, mwaka 2012 huko, Windows inaweza kukataa kujirekebisha hata ukiwa na intaneti, kwa sababu kwa kawaida ikiona tofauti inazidi masaa kumi na tano inasusa. Na brauza nayo inakwambia kila tovuti si salama, maana vyeti vya tovuti vina tarehe zake. Weka tarehe kwa mkono kwanza, ikaribie tu, halafu ndo uiambie isawazishe.

Kuhusu baridi, maana kila mzee anaipa baridi kesi. Saa ya kompyuta inahesabu kwa kikristali kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kweli kikipoa kinachelewa, lakini hata Makete kwenye baridi kali alfajiri unaongelea sekunde moja au mbili kwa siku. Haikuli nusu saa.

Ila ipo moja iliyonishinda. Deskitopu ya mzee mmoja wa Tukuyu inapoteza dakika kama nne kwa siku huku ikiwa imewashwa, waya uko ndani, betri mpya, majira sawa. Hapo ni madabodi yenyewe na kuibadilisha ni zaidi ya bei ya kompyuta. Nikampangia ijisawazishe mtandaoni kila saa, akaniuliza bando likiisha je, nikamwelekeza kwenye saa ya ukutani.