Nataka bodi mama ya zamani iwake kwa NVMe: nianze na programu ipi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani yenye bodi mama ya chipseti ya Z77 na prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu. BIOS yake ni ya AMI. Nimenunua diski ya NVMe (aina ya SSD yenye kasi kubwa) pamoja na adapta ya PCIe. Windows inaiona vizuri, ila nikitaka kompyuta iwake kutoka humo, BIOS haiioni kabisa. Nimepakua AFUWIN, MMTool, AMIBCP na UEFITool, na kila mwongozo unasema lake. Nitumie ipi? Na nikishaingia humo, naweza pia kufungua menyu zilizofichwa na kubadilisha nembo inayotokea wakati wa kuwaka? Naogopa kuiua bodi, maana ndiyo pekee niliyo nayo.

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Woga huo ni wa haki, usiuache. Katika programu nne ulizozitaja hakuna hata moja ya kuanza nayo. Kinachotangulia ni nakala ya kilichomo ndani ya chipu ya BIOS (kumbukumbu ndogo kwenye bodi inayobeba programu ya kuiwasha kompyuta), iliyosomwa kutoka kwenye bodi yako mwenyewe, ukaihifadhi mahali pawili nje ya kompyuta hiyo. Ukiwa nayo, karibu kila kosa utakalofanya baadaye lina njia ya kurudi. Usipokuwa nayo, hata ukitumia programu nzuri kuliko zote, unabahatisha.

Natia mkazo kwenye neno "yako". Wengi hudhani faili ya BIOS iliyo kwenye tovuti ya mtengenezaji inatosha kuwa akiba. Haitoshi. Kwenye bodi za Intel kama hiyo yako, chipu imegawanywa maeneo. Mwanzoni kuna sehemu fupi inayoeleza kila eneo linaanzia wapi na nani anaruhusiwa kuligusa. Kuna eneo la Management Engine (programu ya Intel inayojiendesha yenyewe ndani ya chipseti). Kama mtandao wa waya wa bodi ni wa Intel, kuna eneo dogo linalobeba anwani ya MAC (namba inayoitambulisha bodi kwenye mtandao). Kisha ndiyo inakuja BIOS yenyewe, na ndani yake mara nyingi huwamo namba ya bodi, UUID (namba ya kipekee ya utambulisho) na mipangilio uliyoihifadhi. Faili ya mtengenezaji ni ya bodi zote za aina hiyo, kwa hiyo haiwezi kuwa na vitu ambavyo ni vya bodi moja tu duniani.

Mimi nililijua hili baada ya kuumia. Ziliwahi kunijia kompyuta mbili za aina moja, zote BIOS zimeharibika. Nikachukua faili moja kamili kutoka mtandaoni, nikaiandika kwenye chipu zote mbili. Zikawaka, nikazirudisha kwa mwenyewe. Siku mbili hazikupita, akanipigia: hii ikishika mtandao, ile inakatika. Nilipoangalia, zote mbili zilikuwa na anwani ya MAC 88:88:88:88:87:88. Hiyo ni anwani ya kujazia nafasi tu, huwamo kwenye faili ghafi za Intel kabla bodi haijapewa ya kwake. Anwani halisi nilizipata kwenye stika za bodi, nikazirudisha kwa mkono. Kilichoniuma ni kwamba BIOS ilipoharibika, eneo la mtandao lilikuwa zima. Ni mimi niliyelifuta, kwa kuandika kabla ya kusoma. Tangu siku hiyo siandiki chochote kwenye chipu ambayo sijaisoma.

Kuna hatua moja fupi tu inayoruhusiwa kutangulia nakala hiyo: peleka bodi kwenye toleo la mwisho rasmi la BIOS kutoka kwa mtengenezaji. Fanya hivyo kwa kutumia menyu ya kusasisha iliyomo ndani ya BIOS yenyewe, faili ikiwa kwenye flashi ya USB ya FAT32. Usitumie programu ya Windows wakati njia hiyo ipo, kwa sababu Windows ina mambo mengi yanayoendelea nyuma ya pazia na kukwama kwake katikati ya kuandika kunaweza kukugharimu bodi. Rudisha mipangilio ya kiwandani kwanza, na kama uliongeza kasi ya prosesa au kumbukumbu, iondoe. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya Windows ya kusimba diski), isitishe kwa muda kabla ya kusasisha, vinginevyo huenda ukaulizwa ufunguo wa kurejesha ambao huenda hukumbuki ulikouweka. Baada ya hapo ndipo usome nakala.

Kusoma kuna njia mbili. Ya kwanza ni kwa programu. Intel wana Flash Programming Tool, mafundi huiita FPT. Kwa Z77 unatakiwa kutumia ya kizazi cha 8, kwa maana toleo lake lazima liendane na Management Engine ya bodi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika fptw64 -d nakala.bin. Ikikataa kwa sababu eneo la Management Engine limefungwa, omba eneo la BIOS peke yake: fptw64 -bios -d bios.bin. Kwenye Linux kuna flashrom, amri yake ni flashrom -p internal -r nakala.bin, na mara nyingi inabidi uwashe kernel (kiini cha Linux) kwa kuiongezea iomem=relaxed ili iruhusiwe kufika kwenye chipu.

Njia ya pili ni ya waya, nami ndiyo ninayoiamini. Kuna kifaa kidogo cha bei ndogo kiitwacho programa ya CH341A, unakichomeka kwenye USB ya kompyuta nyingine. Tazama chipu kwenye bodi yako. Bodi nyingi za enzi hiyo ziliwekewa chipu ya miguu minane iliyochomekwa kwenye soketi. Kama yako ni hivyo umebahatika, unaichomoa taratibu na kuiweka kwenye programa. Kama imechomewa kwenye bodi, utahitaji klipu ya kuibana. Chomoa waya wa umeme kabisa, toa na betri ya CR2032, ndipo ubane. Kidoti kilicho kwenye kona ya chipu ndicho kinachoonyesha mguu wa kwanza, na waya mwekundu wa klipu ndio unaokwenda hapo.

Soma maandishi ya chipu kwa tochi na lenzi kabla ya kuunganisha chochote. Ikiwa imeandikwa kwa mfano W25Q64FV, hiyo ni ya volti 3.3. Herufi za mwisho zina uzito, kwa sababu W25Q64FW ni ya volti 1.8 na inahitaji adapta ya kushusha umeme. Angalia pia programa yenyewe: zile nyeusi zilizozagaa hupeleka umeme wa kulisha chipu kwa volti 3.3, lakini nyaya za data hutoka na volti 5. Pima kwa mita kabla ya kubana. Watu wengi wamezitumia hivyo hivyo na chipu hazikufa, ila mimi siwezi kukushauri ulishe volti 5 chipu ya volti 3.3 wakati kuna matoleo yaliyorekebishwa.

Sasa ihakiki nakala. 64 katika jina la W25Q64 ni megabiti, yaani megabaiti 8, kwa hiyo faili kamili lazima iwe na baiti 8,388,608, isipungue wala kuzidi hata moja. Soma mara mbili, katikati ukiondoa klipu na kuibana upya, kisha linganisha faili mbili hizo. Zikitofautiana, klipu haijashika vizuri. Rudia hadi zifanane. Halafu ifungue nakala kwa kihariri cha heksadesimali (kinachoonyesha faili baiti kwa baiti), nenda nafasi ya 10 kwa heksadesimali. Ukikuta 5A A5 F0 0F, hiyo ndiyo alama ya mwanzo ya mgawanyo wa Intel, na umesoma chipu yote. Ukikuta FF zimejaa ukurasa mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, umesoma hewa.

Hapo sasa tuje kwenye programu zako. Miongozo inakuchanganya kwa sababu inazitaja pamoja kana kwamba zinafanya kazi moja. MMTool, UEFITool na AMIBCP ni za kushona nguo, yaani kuihariri faili ya BIOS. AFUWIN, FPT na flashrom ni za kuivalisha, yaani kuiandika kwenye chipu. Unachohitaji kushona ni kitu kimoja tu: moduli ndogo ya kiendeshi cha NVMe, ambayo wapenzi wa kazi hii huisambaza kwa jina la NvmExpressDxE, kuiingiza mahali zilipo moduli za DXE (hatua ya kuwaka ambapo BIOS hupakia viendeshi vyake). Bodi za Z77 zilitoka 2012, wakati NVMe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na ndiyo sababu BIOS yake haina lugha ya kuzungumza na diski hiyo. Windows ina kiendeshi chake, kwa hiyo inaiona.

BIOS ya bodi hiyo ni ya kizazi cha AMI kiitwacho Aptio IV, basi MMTool yako iwe ya namba 4.50, zile za namba 5 ni za Aptio V. UEFITool nayo ina sura mbili: matoleo ya 0.25 hadi 0.28 yanahariri, na yale yenye herufi NE ni ya kutazama na kutoa tu. Fungua nakala ya nakala yako (ile ya asili usiiguse), tafuta moduli ya mwisho kwenye orodha ya DXE, ingiza ya NVMe baada yake, hifadhi kwa jina jipya. Kisha fungua faili ya zamani na mpya kwenye UEFITool pembeni kwa pembeni, ushuke nazo mstari kwa mstari. Unachokitafuta ni kitu kinachoitwa pad file. Ni nafasi ya kujazia, na programu hizi zina tabia ya kuifuta au kuiongeza wakati wa kuingiza moduli bila kukuambia. Ikiwa ilikuwepo na sasa haipo, usiandike faili hiyo. Jaribu kuingiza kwa ile programu nyingine, kisha linganisha tena. Dakika kumi za kulinganisha hapo zina thamani kuliko miongozo yote uliyosoma.

Kuandika: kama unayo programa, tumia programa, na uhariri uliofanya uwe juu ya nakala yako mwenyewe ili MAC na namba za bodi zibaki zilivyo. FPT inaweza kukujibu kwa kosa la 26 au 28, maana yake eneo limefungwa lisiandikwe. AFUWIN nayo hukagua saini ya faili na kukataa iliyohaririwa. Utakuta watu wanakuambia uongeze /GAN ili ilazimishe. Sikushauri. Kufuli hizo hazikuwekwa kwa ubaya. Virusi vya CIH mwaka 1999 vilionyesha dunia nzima jinsi chipu isiyo na mlinzi inavyoweza kufutwa na programu iliyo ndani ya Windows. Baadhi ya bodi zina kitufe cha nyuma cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi hata bila prosesa wala kumbukumbu. Kama yako inacho, hiyo pia ni njia nzuri, ila hapo utahariri faili rasmi na kuipa jina hasa ambalo bodi inalitarajia.

Ukimaliza, ingia BIOS, rudisha mipangilio ya kiwandani, uhifadhi, uwashe upya. Usitegemee kuona jina la diski yako. Kwenye Aptio IV itajitokeza kama "PATA" au "PATA SS", na hiyo ndiyo dalili kwamba moduli inafanya kazi. Sakinisha Windows kwa mtindo wa UEFI (mfumo mpya wa BIOS) na GPT (mgawanyo wa diski unaoendana nao), halafu chaguo la kuwaka liwe Windows Boot Manager. Ichomeke adapta kwenye sloti inayokwenda moja kwa moja kwa prosesa, kwani kizazi cha tatu kinatoa PCIe 3.0 hapo, ilhali sloti za chipseti zinaishia 2.0.

Kuhusu menyu zilizofichwa: AMIBCP inaziweza, kwa kubadilisha ruhusa ya menyu kutoka Default kwenda USER. Lakini usifanye kwa mkupuo mmoja na NVMe, maana bodi ikigoma kuwaka hutajua ni lipi kati ya mawili limeigomesha. Nyingi zimefichwa kwa sababu zinahusu vifaa ambavyo bodi yako haina. Nembo iache. Mwezi Desemba 2023 watafiti wa Binarly walionyesha udhaifu waliouita LogoFAIL, kwamba misimbo inayosoma picha za nembo ndani ya UEFI inaweza kuhadaiwa na picha iliyotengenezwa kwa hila. Bodi ya 2012 usitarajie kuwa itatolewa marekebisho.

Neno kwa atakayeisoma hii akiwa na mashine mpya zaidi: kuanzia kizazi cha nne Intel walileta Boot Guard (kinga inayokagua BIOS kabla ya kuiruhusu kuwaka), na mtengenezaji akiiwasha kwa ukamilifu, ufunguo wake huchomwa ndani ya chipseti na haubadiliki. Hapo BIOS iliyohaririwa haiwaki hata ukiiandika kwa programa.

Na kama programa huna, wala kitufe cha nyuma huna, usiguse BIOS yako hata kidogo. Chukua flashi ndogo, weka Clover (programu ndogo ya kuwashia kompyuta), na katika folda yake ya viendeshi vya UEFI weka NvmExpressDxe.efi. Kompyuta itawaka kwa flashi, Clover itapakia kiendeshi, kisha itaikabidhi kazi Windows iliyo kwenye NVMe. Flashi itabaki imechomekwa nyuma siku zote, na kuwaka kutachukua sekunde chache zaidi. Chipu inabaki kama ilivyotoka kiwandani, na ukichoka nayo unachomoa flashi tu. Kwa mtu mwenye bodi moja pekee, mimi ningeanza hapo wakati anatafuta programa.