Prado imebaki kubwa, watoto wameondoka

SWALI: Nimestaafu ualimu, naishi Chumbageni hapa Tanga. Nina Prado ya petroli, cc 2700, niliyoinunua watoto watano wakiwa bado nyumbani. Sasa tumebaki mimi na mama yao. Safari zangu ni soko la Mgandini, msikitini, na Jumamosi shambani Muheza. Kijana wangu anataka niiuze nichukue Passo. Majirani watasema nimefilisika, na kigari chenyewe nakiona kama hakitamaliza mwaka. Unanishaurije?

JIBU: Shikamoo mwalimu. La majirani tulimalize kwanza. Nilipoteremka kwenye Surf, gari kubwa kama lako, nikaingia Passo, mtu mmoja mtaani alinipa pole kama nimefiwa. Nikaipokea, yakaisha.

Prado yako kwa safari za mjini, simama-ondoka, ikikupa kilomita 7 kwa lita ishukuru. Passo yangu ya cc 1000 haijashuka chini ya 15. Lakini usichukue maneno yangu: jaza tangi mpaka juu, rudisha kile kihesabio cha safari kwenye sifuri, tembea wiki nzima, jaza tena, ugawe kilomita kwa lita. Na kumbuka ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Kwa hiyo gari likinywa sana, unalipa na hiyo.

Muheza ni lami, kilomita 35 hivi, Passo inafika vizuri tu. Injini yake ina pistoni tatu, kwa hiyo kwenye sailensa, yaani imewashwa lakini haitembei, hutetemeka kidogo. Usikimbilie kwa fundi. Inatumia cheni, si taiming belti, ule mkanda wa mpira unaobadilishwa kila baada ya muda. Inachotaka ni oili kubadilishwa kwa wakati. Zilizotoka kuanzia 2010 nyingi zina gia boksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, na hiyo ina mafuta yake maalumu. Fundi akikuambia ya kawaida yanafaa, chukua funguo zako uondoke.

Shambani ndiko kwenye kazi. Masika njia ikichimbika, tumbo la Passo litaburuza. Iache barabarani, ingia kwa bodaboda. Machungwa magunia mawili yataenea ukilaza viti vya nyuma. Yakizidi, kodi kirikuu.

Sasa kutu, maana sisi ni watu wa pwani. Ukienda kukagua gari, rangi inayong'aa isikushughulishe. Fungua buti, nyanyua zulia, toa tairi la akiba, mulika na tochi ya simu, upitishe kidole kwenye maungio ya bati. Mimi moja nilikuta mchanga mweupe na kipande cha kombe, na bati likabonyea kwa kucha. Muuzaji alikuwa ananiapia gari halijawahi kuona maji ya bahari. Nilimrudishia funguo nikaenda zangu kunywa kahawa.

Na Prado ukipata mteja, msiachane kwa kupeana mikono na kadi tu. Badilisheni umiliki TRA kabla hajaondoka nalo, kwa sababu faini za barabarani hufuata namba ya gari, na kwenye namba hiyo jina ni lako.