Brexit Party haikushinda kila mahali

Umeuliza kama Brexit Party, chama kilichotaka Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, ilishinda Uingereza nzima kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya, Mei 2019. Hapana, ndugu yangu. Kwa jumla iliongoza, viti 29 kati ya 73, ila ukishuka eneo kwa eneo mambo yanabadilika. London waliongoza Liberal Democrats, chama kilichopinga kujitoa huko. Scotland ilikwenda kwa SNP, chama kinachotaka Scotland ijitegemee, kwa karibu asilimia 38 ya kura na viti 3 kati ya 6, kwa hiyo kusema "nchi nzima iliamua" ni kuwaonea Waskoti. Ireland ya Kaskazini usiichanganye na kwingine kabisa: Brexit Party haikusimamisha mgombea, wapiga kura waliwapanga wagombea kwa namba (1, 2, 3 kwa upendeleo wao), na vyama vya huko, Sinn Féin, DUP na Alliance, vikapata kiti kimoja kimoja.