Atticus Finch alishindwa ile kesi, wadogo zangu

Kila tunapopokea mawakili vijana ofisini, mmoja wao huwa ni Atticus Finch, yule wakili wa riwayani. Wa safari hii nilimtazama juzi akimdodosa askari mpelelezi: maswali mawili matatu, "sina swali zaidi, Mheshimiwa," akaketi. Nguvu zote alikuwa amezitunza kwa ajili ya majumuisho, yaani hotuba ya mwisho ya wakili. Alipofika huko akavua miwani, akanyamaza kidogo, kisha akaongea kuhusu utu, haki na dhamiri ya jamii. Hakimu alikuwa akipekua mwenendo wa shauri, anatafuta hayo maneno yametoka ukurasa gani. Akatafuta, akachoka, akaweka kalamu chini.

Najua mnakoyatoa. "To Kill a Mockingbird" ya Harper Lee ilitoka 1960, ikapata tuzo ya Pulitzer 1961, na filamu ya 1962 ikampa Gregory Peck, aliyeigiza Atticus, tuzo ya Oscar. Humo Atticus, wakili mzungu wa Alabama, Marekani, anamtetea Tom Robinson, mtu mweusi anayedaiwa kumbaka msichana mweupe, Mayella Ewell. Mwaka 1997 mawakili wa jimbo la Alabama walimjengea Atticus mnara mjini Monroeville, yaani mnara wa wakili ambaye hajawahi kuzaliwa. Mimi mwenyewe nilisomea sheria kwa sababu yake, kwa hiyo sina ugomvi naye. Nina ugomvi na namna mnavyomsoma.

1. Anzeni na sura ya 17, siyo ya 20. Mnairuka kwa kuwa haina machozi, kumbe kazi yote iko humo. Sherifu Heck Tate yuko kizimbani. Atticus anamuuliza kama aliita daktari. Hapana. Kuna mtu mwingine aliyeita? Hapana. Kisha anauliza kuhusu jicho la Mayella: lipi lilivimba? La kushoto, anasema Tate. La kushoto kwako wewe uliyemtazama, au kwake? Tate anafikiri, anajisahihisha: basi litakuwa la kulia. Yaani aliyempiga huenda alitumia mkono wa kushoto. Hakuna meza iliyopigwa. Baadaye Bob Ewell, baba wa Mayella, anapewa bahasha aandike jina lake, anaandika kwa mkono wa kushoto. Halafu Tom Robinson anasimama na juri wote (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) wanauona mkono wake wa kushoto, mfupi, umekufa tangu uliponaswa na mashine ya kuchambua pamba akiwa mtoto. Hotuba ya sura ya 20 inayaunganisha tu hayo ambayo tayari yako kwenye kumbukumbu za mahakama.

2. Kinachosemwa kwenye majumuisho lazima kiwe kimeshatoka kinywani mwa shahidi. Mnalijua hili, mmelijibu kwenye mtihani. Hata mimi nililijibu, tena vizuri.

Mteja wangu alishtakiwa kwa unyang'anyi. Mlalamikaji alidai alimtambua usiku kwa mwanga wa taa ya mlangoni. Mteja akaniambia, kila nilipomtembelea mahabusu, kwamba balbu ile iliungua zamani na mtaa mzima unajua. Niliipenda hiyo balbu kupita kiasi. Nikaamua kuificha hadi mwisho ili iwe bomu. Mlalamikaji alipokuwa kizimbani nilimhoji kuhusu ugomvi wao wa nyuma, umbali, rangi ya shati. Taa sikuigusa, nikamwacha ashuke. Nilipomwongoza mteja kutoa utetezi wake nako sikuigusa, maana nani analipua bomu mapema? Jirani yake mmoja alikuwa tayari kuja kutoa ushahidi. Nikamwambia hana haja ya kujisumbua.

Siku ya majumuisho nikasimama, miwani mkononi (sikuwa hata na tatizo la macho, niliivaa ili nionekane msomaji). Nikasema: "Mheshimiwa, mwanga huo anaouzungumzia mlalamikaji haukuwepo." Hakimu akainua kichwa. "Wakili msomi, hilo limesemwa na shahidi wa ngapi?" Nikafungua daftari, nikageuza kurasa mbele, nikageuza nyuma. Wakili wa serikali, mtu muungwana, akageukia dirishani ili asinione. Nikasema naliondoa.

Hukumu ikasomwa: ushahidi wa utambuzi kuhusu mwanga haukupingwa. Haukupingwa! Mteja aliniita kabla hajapelekwa, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wakili, ile taa hukuwaambia?" Rufaa yake aliifungua kwa wakili mwingine. Sikuwa na uso wa kuiomba.

3. Usimuulize shahidi swali ambalo hujui jibu lake. Hata Scout, mtoto wa Atticus, analijua.

4. Angalia anayehukumu ni nani kabla ya kupanga utakachosema. Tom alihukumiwa na wanaume weupe watupu, ndiyo maana ushahidi wote ule haukumwokoa. Riwaya inasimulia miaka ya 1930, na wakati huohuo, Alabama hiyohiyo, ilikuwepo kesi ya vijana tisa weusi wa Scottsboro waliokamatwa 1931 na kudaiwa kubaka wasichana wawili weupe. Mawakili wao hawakukaa kungoja huruma ya juri. Walishambulia namna juri ilivyoundwa, na mwaka 1935, katika Norris v. Alabama, Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali kwamba weusi walikuwa wameenguliwa kwa makusudi. Riwayani hatumwoni Atticus akimwekea pingamizi mjumbe yeyote wa juri. Anawaeleza watoto wake nyumbani jinsi mambo yalivyo. Nilipokuwa kijana niliona huo ni ukomavu. Siku hizi najiuliza kwa nini hakuyasema kule ndani. Kwa hiyo someni pingamizi za awali, zile hoja zinazotolewa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, hata kama zinachosha.

5. Kushindwa mtashindwa. Baba yake Harper Lee, naye wakili, aliwatetea watu wawili weusi, baba na mwana, mwaka 1919. Wote walinyongwa, na hakuchukua tena kesi ya jinai. Simlaumu. Ila ninyi mkitoka mkishindwa, laleni, kesho yake andikeni notisi ya rufaa kabla muda haujapita.

6. Wanaomponda Atticus wasomeni pia. Mwaka 1992 profesa Monroe Freedman aliandika kwamba Atticus aliichukua kesi kwa kuteuliwa na mahakama, na kwamba miaka yake yote akiwa mbunge wa jimbo hakuitumia kujaribu kubadili chochote. Mawakili walimjia juu kana kwamba katukana marehemu wao. Mwaka 2015 ikatoka "Go Set a Watchman", riwaya nyingine ya Harper Lee, Atticus mzee anatetea ubaguzi, wakalia upya.

Mimi ningewaelekeza kwa Walter McMillian, mtu mweusi wa eneo hilohilo la Monroeville, aliyehukumiwa kifo 1988 kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Wakili wake, Bryan Stevenson, na wenzake walikuwa wakisikiliza kaseti ya maelezo ya shahidi mkuu. Wakaigeuza upande wa pili, wakamsikia shahidi huyo akilalamika kwamba analazimishwa kumtaja McMillian. McMillian aliachiwa 1993. Kwa hiyo mkipewa kielelezo, kisikilizeni chote, hata pale panapokwaruza.

7. Kazi ya wiki hii. Chukueni sura ya 20, karatasi igawanyeni mara mbili. Kushoto andikeni kila jambo Atticus analodai limethibitishwa, kulia shahidi aliyelisema na sura aliyolisemea. Kisha fanyeni hivyohivyo kwa majumuisho mliyoniletea Ijumaa. Palipo wazi upande wa kulia, futeni, hata kama ndiyo sentensi mliyoipenda kuliko zote.